Mamba-Muntu na Feza Yenye Haina Ndugu

Kama ulikomalia Lubumbashi, Likasi ao Kolwezi mbele ya miaka ya 1990, unamujua huyu mwanamuke. Anaikaa kando ya maji, nusu mutu, nusu samaki. Ngozi yake ni nyeupe, nywele zake ni ndefu. Ameshika kioo ao kisanuo, na mara nyingi amevaa saa ya mukono. Nyoka anamuzunguka. Wachoraji wetu walimuchora juu ya kitambaa cha mufuko wa unga, watu wakamununua na kumutundika mu salon, pale kila mugeni anamuona akiingia. Ni Mamba-Muntu.

Hadisi yake tunaijua sisi wote. Mutu anapita kando ya muto, anaokota kisanuo ao nywele zake. Usiku, mu ndoto, mwenyewe anakuja kuuliza kitu yake. Wanapatana. Mutu anarudisha, anapata feza nyingi sana. Lakini kuko masharti: asimuambie mutu yeyote namna alizipata. Wengine wanaongeza kama hataoa tena, ao kama atatoa mutu wa jamaa lake. Siku anavunja mapatano, mali inapotea, na yeye pia anapotea.

Wengi wanasoma hii picha kwa njia moja tu: eti bankambo walitufundisha kama feza inaharibu mutu, na kama maskini njo mwenye furaha. Mimi sikubali, kwa sababu mbili.

Kwanza, Mamba-Muntu vile tunamuona pa picha si wa bankambo peke yao. Hadisi za viumbe vya maji ni za zamani, ni kweli. Lakini hii sura iko na ndugu kwenye pwani ya Afrika ya Mangaribi, pale wanamuita Mami Wata, na kule ilifuata sana picha moja ya mwanamuke mwenye kushika nyoka, yenye ilichapwa Hamburg, Ujerumani, mu miaka ya 1880. Na kwetu, wanunuzi wake walikuwa watu wa mushahara: wafanyakazi wa shaba na wa reli, makarani, walimu. Angalia tena ile saa. Kiumbe cha maji kinatafuta saa ya nini? Saa ni ya mutu mwenye kuingia kazi kwa sirene. Basi hii ni desturi ya muji, ilizaliwa pamoja na mushahara.

Pili, hakuna mutu anayetundika mu salon yake kitu anachochukia. Mwenye kununua ile picha alikuwa na hamu ya feza, na alikuwa na haki. Ule mwenye kuona mutoto wake anarudishwa nyumbani juu ya minerval, ao mugonjwa wake anazuiliwa pa hospitali juu ya deni, usimuambie kama feza na furaha havijuane. Kusifu umaskini ni mazoea ya wale wamekwisha kula.

Sasa picha inasema nini? Haikatazi feza, inatuonyesha masharti yake. Feza ya mushahara iko na jina: “Baba amelipwa.” Mama anajua, watoto wanajua, ndugu wa kijijini pia anajua, na anakuja kuomba. Inachokesha, lakini ile feza inakula pamoja na watu. Feza ya Mamba-Muntu haina ndugu. Wakikuuliza “Umetosha wapi?”, unanyamaza. Na mutu mwenye kunyamaza mbele ya watu wake mwenyewe, hata nyumba ikiwa na etaji, anaikaa peke yake ndani. Angalia vizuri pale mwanamuke ameikaa: mara nyingi kando yake hakuna mutoto, hakuna chungu cha bukari, hakuna mulango wa jirani.

Historia yetu ilituonyesha jambo la karibu na hilo, bila samaki. Union Minière, yenye ilianzishwa mu 1906, kisha Gécamines yenye iliichukua nafasi yake, hazikutoa mushahara tu. Zilitoa pia poso, nyumba, masomo ya watoto, hospitali. Mu 2003, kwa musaada wa feza za Benki ya Dunia, wafanyakazi 10 655 wa Gécamines waliacha kazi kwa ile mupango tuliita “départs volontaires”. Walikuwa wamekaa miezi mingi bila kulipwa. Kwa wengine, ilikuwa feza nyingi kuliko ile walipata kushika kwa mara moja mu maisha yao. Kama furaha ni hesabu ya noti tu, ile siku ingekuwa siku kubwa kuliko zote. Lakini furaha ya zamani ilitoka pia mu kujua kama mwisho wa mwezi unga utafika, na kama jirani naye amepata. Ile ya 2003 ilifika mara moja, ikakuta madeni inangojea mulangoni, na kila mutu akabaki na hesabu yake.

Lakini sitaki kusifu picha tu. Iko na kosa kubwa: inatufundisha kunyooshea kidole mutu wa karibu. Mama mumoja wa kartie yetu aliuzisha samaki ya kukausha miaka mingi, akajenga nyumba. Mutoto wake alipokufa na malaria, watu walisema pale pa kilio: “Ule mama, feza yake haina ya bure.” Nilikuwa pale. Nilijua vile alikuwa anaamuka saa kumi ya usiku kwenda kupokea muzigo. Nilinyamaza, sawa wengine wote. Kumbe Mamba-Muntu alikuwa amefunga kinywa changu mimi, na sikupata hata franka moja.

Tena, wakati tunaulizana sisi maskini juu ya samaki ya kukausha, mikataba ya mashimo yetu ya shaba ilifungwa mu siri, mpaka mu 2007 serikali yenyewe iliweka tume ya kuichunguza upya. Pale njo kulikuwa siri ya kweli yenye kuleta mali nyingi. Lakini hakuna mutu alisema, “Hawa wamepata Mamba-Muntu.”

Tangu miaka ya 1990, makanisa ya maombi yalimuita shetani, na picha ikatoka mu nyumba nyingi. Si kazi yangu kumurudisha. Kinachonisumbua ni hiki: pale pake, wengine wanahubiri sasa kama feza ni alama ya baraka, na mwenye nayo haulizwe kitu. Tulitupa picha, tukatupa na swali lake.

Mimi naomba tulinde swali, na tuliulize kwa haki: si kwa mujane tu pa kilio, lakini kwa mukubwa pia. Kwanza “umetosha wapi?”, kisha “unaikula na nani?” Mutu mwenye kujibu yote mawili bila kuinamisha kichwa, feza yake ikiongezeka, naamini furaha yake pia inaweza kuongezeka. Na yule mama wa samaki, yeye angejibu. Hakuna aliyemuuliza.