Pongezi kwa Wafunza Maksai

Fahali asiyetaka kamba hahitaji shujaa. Anahitaji mtu mwenye subira. Nawapongeza wafunza maksai wa Tarime na Serengeti, kuanzia miinuko ya Nyamwaga hadi mashamba ya Mugumu. Kazi yao huanza muda mrefu kabla plau haijagusa udongo.

Fahali korofi huhasiwa, akapoa kiasi, kisha hufungwa nira moja na mkongwe aliyezoea kazi. Mkongwe akisimama, mgeni husimama, atake asitake. Hurusha teke, hutikisa pembe, hata hulala chini kwa ukaidi. Mfunzaji hamwendei kwa nyuma kabisa, ambako ng'ombe haoni. Humsogelea ubavuni, akimwita jina kwa sauti ileile. Kwanza mnyama huburuta gogo, siku baada ya siku, ndipo plau. Fimbo ipo, ila anayeitegemea mno huharibu mnyama: atamwogopa mtu, na mstari bado hataujua.

Trekta husifiwa mikutanoni. Sawa. Lakini kishamba cha mahindi kilicho mteremkoni, chenye mawe, bado kinamngoja kijana anayetangulia na kamba, na mwenzake aliyeshika plau nyuma. Ujira wao, kwa maoni yangu, ni mdogo mno.