Mtengenezaji Yuko Wapi Katika Sentensi?

Ripoti ya mwisho kuhusu MH370, ndege ya Malaysia iliyopotea, ripoti iliyotolewa Julai 2018, imefuata mpangilio wa kawaida wa ripoti za ajali za ndege: taarifa za tukio, uchambuzi, hitimisho, mapendekezo. Mpangilio huo huchukulia kwamba ndege imeonekana. Una sehemu maalumu ya mabaki, nayo lazima iandikwe. Waandishi wa Malaysia, wakiwa hawana ndege, waliijaza kwa vipande vilivyookotwa Réunion, Msumbiji, Madagaska na Pemba.

Kipande cha Pemba, kilichookotwa Juni 2016, kina maandishi yake chenyewe. Ni sehemu ya flapu ya bawa la kulia. Waraka wa wachunguzi wa Australia unaeleza kuwa walikuta humo mihuri ya nambari, mmoja ukiwa na tarehe 23 Januari 2002. Kando ya nambari ya Boeing kulikuwa na nambari ya pili, ya kiwanda cha Italia. Kiwanda kilifungua kumbukumbu zake, kikathibitisha kuwa nambari zote ni za flapu moja, iliyopelekwa Boeing kwa ajili ya ndege ya 404 ya aina ya 777. Ndiyo iliyopotea tarehe 8 Machi 2014 ikiwa na watu 239.

Hapa kila tendo lina mtendaji wake, naye ni mtengenezaji. Anaifahamu flapu yake hata baada ya miaka miwili majini. Wajibu unapoingia, mtengenezaji anahama kiti. Ripoti inasema betri ya kifaa cha kupiga mlio chini ya maji, kwenye kinasa data, ilipitwa na muda Desemba 2012. Kasoro inawekwa kwenye kumbukumbu za matengenezo za shirika la ndege, na ni haki. Boeing yenyewe imo katika uchunguzi kama mshauri wa kiufundi.

Kanuni za kimataifa zilizofuata zina sura hiyohiyo. Moja inamtaka mwendeshaji afuatilie ndege kubwa ya abiria juu ya bahari angalau kila dakika 15. Nyingine inazitaka ndege mpya zenye uzito wa zaidi ya kilo 27,000 zitume zenyewe taarifa za mahali zilipo kila dakika zinapokuwa hatarini. Katika sentensi ya kwanza anayeamriwa ni mwendeshaji. Katika ya pili inaamriwa ndege, kana kwamba ilijiunda. Najua mtengenezaji hubanwa kwa mlango mwingine, wa vyeti vya ubora wa ndege. Lakini mlango huo mke aliyempoteza mumewe hauoni.

Wapo watakaojibu kuwa ripoti hizi hazikuwekwa ili kulaumu mtu. Kweli, na kanuni hiyo naiheshimu, maana bila yake mashahidi wangenyamaza. Ila kudaiwa chombo kinachoonekana kikizama si kulaumiwa. Ni deni la tangu kiwandani. Baada ya ndege ya Air France 447 kuanguka Atlantiki mwaka 2009, vinasa vyake vilipatikana Mei 2011. Wachunguzi wa Ufaransa walipendekeza mlio udumu siku 90 badala ya 30, na pendekezo wakaliandikia mamlaka za usafiri wa anga. Airbus, mtengenezaji wa ndege hiyo, haikuwa mwandikiwa. Ningependa kusoma pendekezo moja linaloanza hivi: "Mtengenezaji atahakikisha kwamba ndege yake, ikianguka baharini, inapatikana."