Ekimeeza: Meza Kubwa au Kimeza?

Katika somo la mofolojia huwa tunawaeleza wanafunzi wa mwaka wa kwanza kwamba kiambishi ki- cha Kiswahili aghalabu hudogosha: mtoto akawa kitoto, mlima ukawa kilima. Wanafunzi wanaotoka Buganda hucheka, kwa kuwa kwao eki- huweza kukuza kitu badala ya kukidogosha. Mfano mzuri ni neno ekimeeza. Shina lake ni meza ya Kiswahili, ambayo nasi tuliichukua kwa Wareno. Kwa Kiganda ekimeeza ni meza kubwa ya kuzungukwa na watu wengi, ilhali kwa Kiswahili "kimeza" kingetosha kuwekea kikombe kimoja tu cha chai. Katika makala haya tunauliza: je, ebimeeza vya redio za Kampala vilikuwa meza kubwa kama jina lilivyodai, au vilikuwa vimeza?

Kwanza tukumbushane historia. Hadi mwanzoni mwa miaka ya 1990 Redio Uganda ya serikali ndiyo iliyokuwa ikisikika peke yake. Redio za binafsi zilianza mwaka 1993, na mwaka 1996 ikazaliwa CBS, redio ya Ufalme wa Buganda. Mwaka 2000 Radio One ilianza kutangaza moja kwa moja mjadala wa Kiingereza uliofanyika kila Jumamosi katika klabu ya Obligatto, Kampala. Watu walijiandikisha, wakapewa dakika chache kila mmoja, wakasimama mbele ya wenzao na kuwakosoa wakubwa huku nchi ikisikiliza. Redio nyingine zikafuata. CBS ilikuwa na mjadala wake wa Kiganda ulioitwa Mambo Baado. Jina hilo, kama kila msomaji wetu anavyoona, halihitaji kufasiriwa.

Hatuna budi kukiri uzuri wa jambo hili. Kabla ya hapo redio ilikuwa kinywa cha mmoja na masikio ya wengi. Ekimeeza kiliirudisha desturi tunayoijua katika baraza za pwani na chini ya miti ya vijijini: mtu huzungumza huku anatazamwa, hujibiwa papo hapo, na akisema uongo huzomewa. Raia wa kawaida alijifunza kupanga hoja na kuvumilia hoja ya mpinzani. Kwa nchi ambayo wakati huo ilikuwa bado haijarejesha mfumo wa vyama vingi (ilirejesha mwaka 2005), hilo halikuwa jambo dogo.

Hata hivyo, mhakiki hapaswi kuishia kwenye sifa. Tuna dosari tatu za kueleza.

Dosari ya kwanza ni ya lugha na tabaka. Pale Obligatto ilibidi mtu ajue Kiingereza cha kuhutubia, na awe na nauli ya kufika na ya kurudi. Mchuuzi wa soko la Owino aliweza kusikiliza, lakini kusema ni jambo jingine.

Dosari ya pili ni ya jinsia. Wazungumzaji wengi walikuwa wanaume. Mahali ni baa, na Jumamosi mchana ni wakati ambao wanawake wengi wana kazi za nyumbani zisizosubiri. Si ajabu kwamba chama cha wanahabari wanawake wa Uganda kiliamua kuanzisha redio yake, Mama FM, mwaka 2001. Walitambua kwamba kualikwa mezani kwa mwenzako si sawa na kuwa na meza yako.

Dosari ya tatu ndiyo kubwa kuliko zote, nayo ni ya umiliki. Meza haikuwa ya walioizunguka. Ilikuwa ya mwenye redio, na mwenye redio naye alikuwa na leseni iliyotolewa na serikali. Septemba 2009, baada ya Kabaka kuzuiwa kuzuru Kayunga, zilitokea ghasia ambazo ziliua watu zaidi ya 20. Baraza la Utangazaji lilifunga redio nne, CBS ikiwa mojawapo, na ebimeeza vikapigwa marufuku. CBS ilikaa kimya kwa zaidi ya mwaka mzima, hadi Oktoba 2010. Waliokuwa wakikusanyika kila wiki kwa miaka karibu kumi walijikuta hawana pa kusimama. Wahenga walisema cha kuazima hakisitiri maungo.

Wapo watakaosema kwamba kosa ni la serikali peke yake. Hatuitetei, kufunga vinywa vya watu wote kwa sababu ya ghasia za siku chache ni adhabu iliyopita kosa. Lakini tunauliza pia: mjadala uliokusanya watu kwa miaka yote hiyo ulibakiza nini mitaani? Kusema ni hatua moja, kujipanga ni hatua nyingine. Redio ya jamii ya Kagadi, iliyoanzishwa na shirika la maendeleo la URDT, inatuonyesha njia tofauti, ambapo redio imeota ndani ya kazi za wakulima na shule za hapohapo. Na chini kabisa kuna bizindaalo, vile vipaza sauti vinavyofungwa juu ya nguzo katika vituo vya biashara. Kwa ada ndogo utatangaziwa msiba, mtoto aliyepotea, ng'ombe aliyekatika kamba, au mkutano wa kijiji. Havina studio wala sifa, lakini vinajulikana ni vya nani na vinamsemea nani.

Jibu letu basi ni hili: ebimeeza vilikuwa vikubwa kwa Kiganda na vidogo kwa Kiswahili. Sauti ilifika mbali, ila waliokuwa na haki juu ya meza walikuwa wachache mno.

Tusisahau lawama inayotuhusu sisi wenyewe. Kiswahili kilitoa meza na kikatoa mambo bado, kisha hakikuketi. Raia wengi wa nchi hii bado wanakihusisha na amri za askari. Mwaka 2005 Katiba ilikitambua kuwa lugha rasmi ya pili, na mwaka 2022 Baraza la Mawaziri liliamua kifundishwe kwa lazima shuleni. Lugha inayoingia darasani kwa amri tu itazidi kuogopwa. Tunapendekeza wanafunzi wetu wanaokwenda mazoezi ya kufundisha wasiishie ubaoni. Wakaulize kituo cha biashara kilicho karibu kina kizindaalo cha nani, wakaombe nusu saa kwa wiki, na wakawasikilize wenyeji kabla ya kuwafundisha ngeli. Idara iko tayari kupokea taarifa zao.