Mahali pa Kuiweka Kasoro

Hakuna lenzi isiyo na kasoro. Anayekuahidi miwani itakayoonyesha kila kitu safi, ukingo hadi ukingo, anakuuzia maneno. Fundi wa kweli anajua kwamba kasoro ipo. Kazi yake ni kuamua ataiweka wapi isimsumbue mvaaji.

Miwani ilianzia Italia mwishoni mwa karne ya 13, na ilimfaa zaidi aliyetazama kupitia katikati ya lenzi. Lakini jicho halitulii. Hugeuka likafuata mstari wa kitabu, mpira, gari linalopita. Likitazama kupitia ukingoni, nuru hupenya lenzi mshazari, na kilichokuwa nukta kikawa kistari kilichofifia. Mwaka 1804 Mwingereza William Hyde Wollaston alipendekeza lenzi iliyopinda kulizunguka jicho, ili macho yakienda pembeni yasipoteze mengi. Mwanzoni mwa karne ya 20, Mjerumani Moritz von Rohr wa kampuni ya Zeiss alikokotoa mpindo unaofaa kwa kila namba ya lenzi, akilihesabu jicho kama kitu kinachozunguka.

Mtihani mgumu zaidi huja na umri. Mtu wa makamo wa Elgon View, hapa Eldoret, anataka jozi moja ya miwani imfikishe mbali, kule uliko Mlima Elgon, kisha imsomee ujumbe wa M-Pesa bila kunyoosha mkono. Mwaka 1959 Mfaransa Bernard Maitenaz alileta Varilux, lenzi ambayo nguvu yake huongezeka taratibu kutoka juu kwenda chini bila mstari wa kuigawa. Wengi walidhani usumbufu wa pembeni ungeondolewa siku moja kwa ustadi zaidi. Mwaka 1963 Günter Minkwitz alionyesha kwa hesabu kwamba hauondoki: kadiri nguvu inavyopanda haraka kuelekea chini, ndivyo ukungu unavyokua pembeni, tena kwa kasi maradufu. Basi wabunifu wakausukuma hadi pembe za chini, kushoto na kulia, ambako macho hayaendi sana. Ndiyo maana anayevaa lenzi hizo mara ya kwanza huziona ngazi zikiyumba.

Hesabu zote hizo huishia mikononi mwa fundi wa dukani. Humvalisha mteja fremu, akakaa naye uso kwa uso, akamwambia atazame mbele. Kisha hutia nukta ya kalamu kwenye plastiki iliyokuja na fremu, mbele ya mboni ya kila jicho. Nukta hizo ndizo zinazoelekeza lenzi ikatwe vipi. Katikati ya lenzi ya namba 5 ikikosewa kwa milimita 4, kitu kilicho mita 1 mbele huonekana kimesogea sentimita 2. Kosa hilo likiwa kwenye macho yote mawili, kila moja upande wake, mvaaji hushinda akiyavuta macho ili picha mbili ziwe moja, na jioni kichwa kinamgonga.

Kwa mtoto, fundi hupima jambo jingine. Lenzi ya plastiki iitwayo polikaboneti haivunjiki upesi, ila hutawanya rangi kuliko plastiki ya kawaida: ukitazama taa kupitia ukingoni utaona utepe wa buluu au wa manjano. Fundi huuchagua utepe huo kwa hiari, kwa sababu jicho lililochomwa na kipande cha lenzi halirudi. Kabla ya lenzi, lakini, huja kupima macho: jirani zetu wa Trans Nzoia walishiriki utafiti uliochapishwa 2018, ambamo walimu walipima macho ya wanafunzi kwa simu. Kupima kumekuwa rahisi hivyo. Kuitia nukta mahali pake bado kunahitaji mtu aliyetulia mbele ya uso wa mtoto.

Kwa hiyo ukienda kuchukua miwani, usibishanie bei ya fremu peke yake. Ikiwa hakuna aliyekupima mboni, unalipia kasoro ambayo hakuna aliyeipangia mahali.