Mkono Uliopokea Sarafu

Kitufe cha X kilikuwa kimekufa, na X ndicho kitufe cha pasi. Fundi hakusema neno. Aliichukua pedi, akailaza kifudifudi juu ya paja, akafungua skrubu zake kwa bisibisi nyembamba na kuzipanga ndani ya kifuniko cha soda ili hata moja isipotee. Ndani mlikuwa na mpira laini, na chini ya kila kitufe doa jeusi la kaboni. Doa la X lilikuwa limelika hadi likapauka. Alilifuta jasho la vidole vyetu kwa pamba yenye spiriti, kisha akachukua penseli ya kawaida, ile ya shule, akalisugua doa hilo taratibu mpaka likang'aa tena. Ule weusi wa penseli ni grafiti, nayo hupitisha umeme. Akafunga, akabonyeza X mara mbili, akamrudishia pedi kijana aliyekuwa akisubiri.

"Haya, omera. Dakika zako bado ziko."

Hilo lilikuwa banda la gemu mtaani Manyatta, Kisumu, mwanzoni mwa miaka ya 2000: kuta za mabati, benchi mbili za mbao, televisheni ya Great Wall yenye kisogo kikubwa, mkebe wa Kimbo wa kuwekea sarafu, na PlayStation moja iliyochoka. Nimekaa mbele ya skrini nyingi tangu siku hizo, kubwa na maridadi kuliko ile. Mikono kama ya Fundi, aliyeliendesha banda hilo, sijaiona tena, na ndiyo ninayotaka kuisifu hapa.

Kwingineko duniani, historia ya kumbi za gemu husimuliwa kama historia ya mashine. Mwaka 1972 kampuni ya Atari ilitoa Pong huko Marekani. Mwaka 1978 Taito ya Japani ikatoa Space Invaders, mchezo uliobuniwa na Tomohiro Nishikado, na kumbi zikajaa watu. Mashine zenyewe zilikuwa kubwa kama kabati la nguo, na kila moja ilikuwa na tundu la sarafu. Ulitumbukiza sarafu, ukacheza. Ulipokufa mchezoni, ikakudai nyingine. Haikujua wewe ni mtoto wa nani wala umekula nini mchana.

Katika Manyatta niliyokulia sikuwahi kuona kabati la namna hiyo. Kilichotufikia ni mashine ndogo za nyumbani, zilizotengenezwa kwa ajili ya sebule ya familia moja, na watu wetu wakazigeuza kuwa ukumbi wa mtaa mzima. Mashine ya sebuleni haina tundu la sarafu. Kwa hiyo sarafu ilibidi ipokewe na mkono wa mtu, saa ichungwe na jicho la mtu, na ugomvi uamuliwe kwa busara ya mtu. Hapo ndipo ulipozaliwa ufundi ambao sijausikia ukitajwa kwa heshima unayostahili: ufundi wa kuendesha banda la gemu.

Sehemu ya kwanza ya ufundi huo ilikuwa kuifanya mashine iishi. PlayStation ya kwanza iliingia madukani Japani tarehe 3 Desemba 1994. Ya pili ilifuata tarehe 4 Machi 2000, ikauzwa zaidi ya milioni 150, na hakuna mashine ya gemu iliyowahi kuizidi. Waliozitengeneza walifikiria mtoto anayecheza saa moja baada ya chakula cha jioni. Yetu iliwashwa asubuhi ikazimwa usiku, siku saba za wiki, chini ya mabati yaliyochemka. Kwenye ile ya kwanza, reli ya plastiki inayobeba lenzi ililika kwa joto na msuguano, lenzi ikainama, CD ikakwama. Dawa yake ilikuwa kuipindua mashine yote juu chini, ili lenzi irudi mahali pake kwa uzito wake yenyewe. Mgeni aliyeingia akaiona imelala chali angedhani ni mbovu. Kumbe ndivyo ilivyofanya kazi, miezi na miezi.

Ile ya pili ilipotufikia, ilikuja na maradhi yake. Pembeni ya lenzi kuna kiskrubu kidogo kuliko punje ya wimbi, cha kuongeza au kupunguza nguvu ya mwanga unaosoma CD. Fundi mwenye pupa hukizungusha kwa nguvu: CD inasomeka leo, lenzi inaungua mwezi ujao. Fundi wetu alikigusa kama anayetoa kibanzi jichoni mwa mtoto. Alikisogeza kidogo, akajaribu CD, akasikiliza mlio wake ikizunguka, akakisogeza tena. Angeweza kutumia saa nzima bila kuingiza hata shilingi, huku sisi tukilalamika kwenye benchi. Ni baada ya miaka mingi ndipo nilipoelewa kwamba saa ile ndiyo iliyotupa miezi sita mingine ya kucheza.

Tena alikuwa na jicho la mvua. Anayeijua Kisumu anajua radi zake. Alasiri wingu likianza kuwa jeusi upande wa milima ya Nandi, Fundi alisimama mlangoni akanusa hewa. Ngurumo ya kwanza ilimkuta ameshachomoa kila waya ukutani, hata kama mechi ilikuwa dakika ya 88. Tulipiga kelele, naye akajibu kwa utulivu kwamba mechi itarudiwa, lakini televisheni ikipigwa na radi hairudiwi.

Sehemu ya pili ya ufundi ilikuwa ngumu zaidi: kuwaweka vijana ishirini kwa amani mbele ya skrini moja yenye pedi mbili. Sheria za banda hazikuandikwa popote, lakini kila mtoto wa Manyatta alizijua. Mechi moja shilingi tano. Aliyefungwa anatoka, aliyeshinda anabaki. Zamu haiuzwi wala hairithiwi. Ukienda kununua mandazi umeiacha. Stima ikipotea kabla ya mapumziko, sarafu zinarudi. Ikipotea baada ya hapo, mabao yaliyopo ndiyo matokeo.

Kisha kulikuwa na sheria ya Start. Waliocheza wanaujua ujanja huo: mwenzako amebaki yeye na kipa, ameshainua mguu, nawe unabonyeza Start, mchezo unasimama, na ukirudi mkono wake umekosa mpigo. Ujanja huo ulikaribia kuleta ngumi bandani siku moja. Fundi aliwanyang'anya wote wawili pedi, akaziweka mapajani, akatoa hukumu: kuanzia leo, atakayebonyeza Start mwenzake akipiga shuti, amejifunga bao. Hakuna aliyekata rufaa. Wachezaji walianza kuondoa kidole gumba karibu na kitufe hicho kama watu wanaokwepa jiko la moto. Nimeketi katika mikutano ya watu wazima wenye katiba zilizochapishwa, na sijaona sheria iliyotungwa haraka hivyo ikaheshimiwa kiasi hicho.

Mgeni asiyejua vitufe alikuwa na haki yake pia. Fundi hakumtupa kwa simba. Alikaa naye mwenyewe mechi moja, akimtajia kila kitufe na kazi yake, ndipo akamwingiza kwenye foleni. Na kitu cha kwanza alichomfundisha kilikuwa kusoma bila kusoma. CD nyingi za Winning Eleven, mchezo wa kampuni ya Konami, zilikuwa za Kijapani kuanzia jalada hadi menyu. Hakuna aliyejua herufi hata moja. Tulikariri mahali: mstari wa pili ni mechi ya kawaida, shuka mara tatu upate muda, duara ndiyo kukubali na X ndiyo kukataa, tofauti na CD za Ulaya. Watoto ambao darasani waliitwa wazito wa kusoma waliishika ramani nzima ya lugha ya mbali kwa siku mbili, kwa sababu kulikuwa na mtu aliyeketi kando yao na kuwaonyesha.

Dunia pia ilitufikia kwa njia hiyo. Adriano wa Inter Milan tulimwogopa kwa lile shuti lake la mguu wa kushoto. Na Dennis Oliech alipohamia Auxerre ya Ufaransa mwaka 2007, timu ambayo hakuna aliyekuwa akiiangalia ghafla ikawa na wenyewe Manyatta. Kijana aliacha Brazil akachagua Auxerre, ili tu aone jina la Kijaluo likitembea kwenye skrini ya mabao. Aliposhinda, banda lote lilishinda.

Sitaficha upande mwingine. Wapo waliotoroka shule kwa ajili ya gemu. Zipo shilingi za mafuta ya taa zilizoishia ndani ya mkebe wa Kimbo, na mimi mwenyewe niliwahi kurudi nyumbani na chupa tupu, nikamwona mama akikaa gizani bila kunigombeza. Sijaisahau jioni hiyo. Yapo mabanda yaliyopokea sarafu ya mtoto saa nne asubuhi bila kumuuliza chochote, na wazazi na machifu waliokasirika walikuwa na haki yao. Lakini hapo ndipo mkono wa mtu unapotofautiana na tundu la chuma. Fundi wetu alikataa sare ya shule. Aliyekuja na sare kabla ya saa kumi alirudishwa, na aliyekuja nayo baada ya saa kumi aliulizwa kwanza kama amefika nyumbani. Mkono unaopokea unaweza pia kukataa.

Mabanda hayo yanaisha. Ukipita leo kutoka Kondele ukiingia Manyatta, milango iliyokuwa ikitoa kelele za mabao inauza vocha, nywele na chakula cha kuku. Hakuna sababu moja ya kulaumiwa. Simu zilishuka bei, na Konami ikauleta mchezo wake kwenye simu bure. Machi 2020 Korona ilipoingia nchini, banda la watu ishirini kwenye benchi mbili halingeweza kubaki wazi. Kufikia Januari 2021 shule zilipofunguliwa kikamilifu, kodi ya miezi ilikuwa imeshawameza wenye mabanda wengi. Hata Tokyo, ambako ukumbi wa gemu ulionekana kama sehemu ya mji, jengo mashuhuri la Sega lililokuwa Akihabara lilifungwa Agosti 2020. Na yale majina tuliyoyapigia kelele yameondoka: PES, jina la Winning Eleven nje ya Japani, iliitwa eFootball kuanzia 2021, na FIFA ya EA Sports ikakoma na toleo la 23.

Katikati ya hayo yote kilitokea kitu kilichoniuma kuliko vyote. Mashine yenye tundu la sarafu hatimaye ilifika mitaani kwetu, na ilikuwa mashine ya kamari. Iliwekwa kwenye kona za maduka, ikiwakawaka taa, ikimeza sarafu za shilingi ishirini za bodaboda na za wanafunzi. Mwaka 2018 serikali iliamuru mashine hizo zikusanywe na kuteketezwa. Nilipoona picha za moshi wake nilimkumbuka Fundi. Mashine ile haikumrudisha mtu mwenye sare. Haikumwambia mtu dakika zake bado ziko.

Kijana wa leo hakosi gemu. Anazo nyingi kuliko tulizowahi kuota, na picha zake ni safi. Anachokosa ni ule wakati mfupi baada ya kufungwa. Bandani, ukishindwa, ulisimama mbele ya watu ishirini wanaokujua, ukamkabidhi mwenzako pedi ikiwa bado na joto la mikono yako, ukaenda kukaa mwisho wa benchi. Ilichoma. Lakini ulirudi kukaa katikati ya watu, ukacheka nao, ukatazama aliyekushinda anavyofanya, na zamu yako ikafika tena. Kwenye simu ukifungwa unazima tu. Hakuna wa kumkabidhi kitu, na hakuna anayeona kwamba umevumilia.

Nilimtembelea Fundi hivi karibuni. Nywele zimeingia mvi na anatengeneza simu, kwenye kibanda kisichozidi mlango. Chuma cha solda ni kilekile. Skrubu bado anazipanga ndani ya kifuniko cha soda. Nje ameweka benchi fupi, na wateja wamekaa kwa mpangilio waliofika nao. Nilipotaka kumsalimia kwa haraka nipite, aliinua kichwa, akatabasamu, akanionyesha mwisho wa benchi. Nikakaa.

Kwa hiyo nina ombi kwa mzazi wa Manyatta, wa Nyalenda, wa Obunga, na wa mtaa wowote ambako bado limebaki banda moja linaloendeshwa na mtu mwenye jicho na moyo. Usilipite kwa hasira. Ingia, umwangalie anayepokea sarafu, umsikilize anavyoamua. Ukiridhika naye, siku ya Jumamosi kazi za nyumbani zikiisha, mpe mwanao shilingi ishirini, na umwache akangoje zamu yake.