Trauti wa Gura Wanaishia Chai Inapoishia

Kila ifikapo Machi na Aprili, watu wetu walioko Marekani hutuma picha wakiwa wamemshika besi, samaki mnene mwenye mdomo mpana, na swali linalofuata halibadiliki: huko Mukurweini, Nyeri, mtu anaweza kumpata wapi? Jibu fupi ni kwamba hampati. Jibu refu linadai tueleze kwa nini mto Gura una samaki wa Uskoti huko juu na hauna samaki huyo huku chini, na kwa nini mvuvi mgeni anayeshuka kwenye matatu na fimbo yake ya kuvulia afadhali aulize joto la maji kabla ya kuuliza chambo.

Tuanze na besi mwenyewe. Uvuvi wa machipuko kule Marekani umejengwa juu ya namba moja: maji yakipanda kutoka kwenye baridi ya kipupwe hadi nyuzi 15 au 18 hivi za Selsiasi, besi huhama kutoka kilindini na kuja ukingoni. Dume hufagia kiota kwenye kina kifupi, jike hutaga, dume hubaki akilinda mayai na kumrukia yeyote anayepita. Ndiyo maana mvuvi wa kule akifika kwenye bwawa asilolijua hatafuti samaki, anatafuta ghuba inayopata jua mapema na kupoteza baridi kabla ya nyingine. Akishaipata, nusu ya kazi imekwisha.

Ukiichukua kanuni hiyo na kuileta kwenye ikweta, inavunjika. Besi tunaye Kenya. Alipandikizwa Ziwa Naivasha mwaka 1929 kwa ajili ya wazungu waliopenda kuvua kama mchezo, na mwaka 1970 akaongezewa jirani, kamba wa maji baridi mwenye asili ya Marekani. Lakini maji ya Naivasha ni nadra kushuka chini ya kiwango kile cha kutagia, mwaka mzima. Hakuna baridi ya kuwazuia samaki na hakuna joto la ghafla la kuwasukuma wote ukingoni kwa wiki moja. Kalenda ya Naivasha huandikwa na kimo cha ziwa: mvua ikilijaza, maji huingia kwenye mafunjo na majani yaliyokuwa nchi kavu, na besi wadogo hupata mahali pa kujificha. Anayevua pale atazame ukingo uliofunikwa na maji karibuni, aachane na majina ya miezi. Ila Naivasha iko upande wa pili wa milima ya Aberdare. Upande wetu tuliletewa samaki mwingine, tena miaka 24 kabla ya besi.

Mwaka 1905 Ewart Grogan, mlowezi aliyekuwa amejipatia jina kwa kutembea kutoka Cape hadi Cairo, aliagiza mayai ya trauti wa kahawia kutoka Loch Leven, Uskoti, yakatiwa kwenye Gura. Hao ndio waliokuwa trauti wa kwanza nchini. Habari hii husimuliwa kama kisa cha ukaidi wa tajiri mmoja, na ukaidi ulikuwepo kweli. Mimi naona kilichostahili kusimuliwa ni ile kazi yenyewe: unawezaje kuchukua yai laini, la ukubwa wa punje ya mtama au kuzidi kidogo, ukalivusha bahari ya tropiki na kulifikisha mlimani likiwa hai?

Siri iko kwenye ukuaji wa yai. Yai la trauti lililorutubishwa huvumilia kusafirishwa siku moja au mbili za mwanzo tu. Baada ya hapo hata mtikisiko mdogo huliua. Hukaa katika hatari hiyo mpaka macho ya kijusi yaonekane, nukta mbili nyeusi ndani ya ganda. Kuanzia hapo linakuwa gumu kiasi cha kufungashwa, na una muda kati ya macho kuonekana na yai kuanguliwa. Muda huo hauhesabiwi kwa siku, unahesabiwa kwa joto. Kwenye maji ya nyuzi 10, yai la trauti wa kahawia huanguliwa kwa siku kama 41 tangu kurutubishwa. Ukishusha joto hadi nyuzi 5, siku zinakaribia kuwa maradufu au zinazidi hapo. Ukikaribia kuganda, miezi inaongezeka. Barafu, basi, haikuwa ya kuhifadhi mayai yasioze tu. Ilikuwa ya kuchelewesha saa ya kuanguliwa, maana kifaranga akitoka katikati ya Bahari ya Shamu amekwisha kufa.

Ujuzi huu ulikuwa na umri wa miaka 40 Grogan alipoutumia. Meli iitwayo Norfolk iliondoka London Januari 1864 ikiwa na mayai ya samoni na trauti, yamelazwa juu ya kuvu-maji (moss) mbichi ndani ya visanduku vya mbao, visanduku vimezikwa kwenye chumba cha barafu. Ilifika Melbourne mwezi Aprili, mayai yakapelekwa Tasmania na kuanguliwa Mei. Mengi yalikufa njiani. Machache yaliyobaki yakawa chanzo cha trauti wa sehemu hiyo ya dunia. Namna ya kufungasha ilikuwa rahisi ukiielewa: kuvu-maji hushika unyevu na kupitisha hewa, barafu huwekwa juu, na matone yake yanapoyeyuka hushuka polepole na kuyaosha mayai yote. Yai halihitaji kuelea. Linahitaji ubaridi, unyevu na hewa.

Kwa Gura, safari ya bahari ilikuwa fupi kwa sababu ya mfereji wa Suez, na reli kutoka Mombasa ilikuwa imeshafika Kisumu tangu 1901. Sehemu ngumu ilikuwa ya mwisho, kutoka relini hadi mlimani, na hiyo ilipita juu ya vichwa na migongo ya wapagazi. Wao hawakuandikwa majina. Grogan ameandikwa, na ni haki tukumbuke yote: Machi 1907 huyu huyu aliyebembeleza mayai ya samaki aliwachapa viboko hadharani vijana wa Kikuyu waliokuwa wakivuta riksho, mbele ya mahakama ya Nairobi, akafungwa mwezi mmoja tu. Na samaki aliowaleta walikuwa mchezo wa walowezi, si chakula cha wenyeji, ambao hata hivyo wengi wao hawakuwa walaji wa samaki.

Kufika kwa mayai ni jambo moja. Kushika mizizi ni jingine. Gura ulikuwa na mambo matatu yaliyomfaa trauti. La kwanza ni maporomoko. Kwenye bonde lile la Aberdare mto unashuka kwa mamia ya mita, na jirani yake Karuru ana mita 273 kwa ngazi tatu. Samaki wa bondeni hawapandi ukuta wa namna hiyo, kwa hiyo mgeni hakuwakuta washindani wengi huko juu. La pili ni kokoto. Trauti jike huchimba kishimo kwenye changarawe, hutaga, kisha hufunika. Maji hupenya kati ya kokoto na kuyapa mayai hewa. Tope likijaza nafasi hizo, mayai hukosa pumzi. La tatu ni oksijeni yenyewe, na hapa lazima tutaje namba. Kwenye mwinuko wa mita 2,000 hewa ni nyepesi, hivyo maji hubeba oksijeni pungufu kuliko pwani: kama miligramu 9 kwa lita maji yakiwa na nyuzi 10, na kama 7 yakiwa na nyuzi 20. Trauti hula vizuri kati ya nyuzi 10 na 16 hivi. Maji yakikaribia 20 hamu inamwishia, na joto la nyuzi 25 linaweza kumuua. Kasi ya Gura inamsaidia, kwa kuwa kila jiwe linalopasua maji linaongeza hewa, lakini jiwe haliwezi kuondoa joto.

Sasa uutazame mto kutoka upande wetu. Unateremka kutoka Aberdare kupitia nchi ya chai ya Tetu na Othaya, kisha unaingia nchi ya kahawa kuelekea Mukurweini, kabla maji yake hayajaungana na Sagana kwenda Tana. Mkulima wa Nyeri hahitaji ramani ya hali ya hewa. Anajua chai inataka baridi na ukungu, kahawa inataka joto kidogo. Mpaka huo ndio mpaka wa samaki, kwa makadirio ya mvuvi na si kwa rula ya mpimaji. Penye chai pande zote mbili za mto, una sababu ya kufungua mkoba. Ukianza kuona kahawa na migomba inayozaa vizuri, trauti anayebaki hapo ni mpotevu aliyesombwa na mafuriko. Kahawa inakuja pia na udongo mwekundu wa mashamba ya miteremko mikali, na udongo huo ndio unaoziba kokoto. Huku chini ni kwa kambare na samaki wengine wa maji ya uvuguvugu.

Serikali ya kikoloni ilielewa mpaka huu vizuri. Mwaka 1910 aliongezwa trauti wa upinde wa mvua kutoka Afrika Kusini, anayestahimili joto zaidi kidogo kuliko wa kahawia. Mwaka 1948 vikajengwa vituo viwili: Kiganjo, chini ya Mlima Kenya, kwa ajili ya kuzalisha trauti, na Sagana, chini zaidi, kwa samaki wa maji ya joto. Mukurweini iko katikati ya falsafa hizo mbili. Na mtu akidhani haya ni mambo ya kale, akumbuke mabwawa ya mpango wa kichocheo cha uchumi ulioanza 2009, shimo la mita za mraba 300 kwa mkulima, tilapia ndani. Tilapia hukua polepole maji yakiwa chini ya nyuzi 20, na yakishuka zaidi hukaribia kuacha kula. Bwawa lililochimbwa mahali pa chai na lililochimbwa mahali pa kahawa yalipewa vifaranga wale wale na matarajio yale yale. Hilo lilikuwa kosa la kupanga, na lingeepukwa kwa kipimajoto.

Turudi kwa mvuvi. Kwenye kipande cha Gura usichokijua, chagua jiwe moja kubwa na ulisome kabla ya kutupa mshipi. Mbele yake maji yanajikusanya na kutengeneza mto wa kulalia. Trauti mkubwa hupenda hapo kuliko wengi wanavyofikiri. Nyuma yake maji yanazunguka taratibu. Kati ya maji hayo tulivu na mkondo wa pembeni kuna mstari, mara nyingi una povu jembamba juu yake, na huo ndio mstari wa chakula: samaki anasimama upande wa polepole, wadudu wanapitishwa upande wa kasi, naye anatoka, ananyakua, anarudi. Dondosha nzi bandia upande wa juu wa mkondo kabla ya jiwe, si kwenye mstari, ili mto wenyewe umbebe hadi mahali pake. Nzi akikokotwa na mshipi na kukata maji mshazari, samaki amekwisha kujua. Simama upande wa chini wa mkondo ukitazama juu, kwa kuwa trauti huelekeza kichwa kwenye mkondo na hakuoni vizuri ukiwa nyuma yake.

Wakati wa mvua ndefu, Machi hadi Mei, mto huwa na rangi ya chai ya maziwa, na trauti anayewinda kwa macho haoni chochote. Tena Gura ukifurika hauna huruma. Januari na Februari maji ni meupe lakini mchana hupata joto upande wa chini. Mimi ningechagua miezi ya ukungu, Julai na Agosti. Ujue pia kuwa kuna mtambo wa umeme wa viwanda vya chai wa megawati 5.8 kwenye mto huu. Mitambo ya aina hiyo huchota maji juu na kuyarudisha chini, kwa hiyo kipande cha katikati kina maji machache na yanayopata joto haraka. Kipite.

Ndani ya Hifadhi ya Aberdare utalipa kiingilio cha Shirika la Huduma kwa Wanyamapori (KWS), na uvuvi unahitaji leseni popote uendako. Kabla ya kulipa chochote, tumbukiza kipimajoto mtoni mara mbili siku moja, saa kumi na mbili asubuhi na saa tisa alasiri, kwenye maji yanayotembea na penye kivuli. Kipimo cha alasiri ndicho cha kuamini. Kikizidi nyuzi 20, kunja fimbo na upande juu kuelekea msituni.