“Hakuna Mtandao”: Uhakiki wa Lugha ya Hitilafu za Mtandao wa Kompyuta kwa Kurejelea Kibiti na Delta ya Rufiji

Ikisiri

Makala hii inahakiki namna Kiswahili kinavyotumika kueleza hitilafu za mtandao wa kompyuta, hususani katika mifumo ya jamii ya Unix kama vile Linux. Hoja kuu ni kwamba kazi ya kuunda istilahi imevipa majina vifaa na sehemu za skrini, lakini haijashughulikia vya kutosha vitenzi vya kueleza kilichoharibika na mahali kilipoharibikia. Kwa kulinganisha kauli “hakuna mtandao” na lugha ya barabara na maji, inaonyeshwa kwamba upungufu huo haumo katika sarufi ya Kiswahili bali katika mazoea ya kuitumia.

1.0 Utangulizi

Katika ofisi, zahanati na vibanda vya huduma za fedha nchini Tanzania, sentensi “hakuna mtandao” hutosha kumaliza mazungumzo. Mteja huondoka na mhudumu hukaa kusubiri. Kisarufi, hii ni sentensi ya kukanusha kuwapo kwa kitu. Haina mtenda, haina mahali, wala haidokezi sababu. Kwa sababu hiyo, haimwachii msikilizaji pa kuanzia kuuliza.

Wilayani Kibiti, gharama ya sentensi hiyo inaweza kupimwa kwa safari. Mji wa Kibiti upo kando ya barabara kuu itokayo Dar es Salaam kwenda Lindi, lakini vijiji vingi vya delta, ndani ya mikoko, hufikiwa kwa chombo cha majini, na chombo husubiri maji yajae. Fundi anayeitwa kwa maneno “hakuna mtandao” hajui kama abebe waya au kadi ya mtandao, au kama safari yenyewe haina haja. Anaweza kupoteza siku nzima kwa hitilafu ambayo swali moja kwa simu lingeibaini. Hivyo, suala la namna hitilafu inavyotajwa si la wanaistilahi peke yao.

2.0 Mafanikio ya Istilahi na Mipaka Yake

Haitakuwa haki kudai kwamba Kiswahili kimepuuzwa katika uwanja huu. Mwaka 2004, mradi wa Kilinux, uliowaunganisha wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na kampuni ya Kiswidi ya IT+46, ulitoa programu ya ofisi kwa Kiswahili iliyoitwa Jambo OpenOffice. Kampuni kubwa za programu na za simu zilifuata njia hiyo baadaye. Leo, maneno kama seva, anwani, itifaki, lango na pakiti hayamshangazi msomaji wa kawaida wa matini za teknolojia.

Hata hivyo, mjadala wa kitaaluma umebaki zaidi katika nomino: tarakilishi au kompyuta, wavuti au tovuti. Nomino si mahali penye kikwazo kikubwa. Chukulia mfano wa Mkongo wa Taifa wa Mawasiliano. Katika ukanda wa Rufiji, mkongo ni mti wa mbao unaofahamika sana, na Mkongo ni jina la kata. Pamoja na hayo, hakuna msemaji anayedhani kwamba mawasiliano ya taifa hupita katika gogo. Muktadha humtofautishia maana bila taabu.

Nomino huleta madhara pale tu inapopotosha uelewa wa jinsi kitu kinavyofanya kazi. Ndivyo inavyokuwa neno la Kiingereza “port” linapofasiriwa “bandari” katika maelezo ya mtandao. Kiingereza kimeunganisha katika umbo moja maneno mawili ya Kilatini: portus, yaani bandari, na porta, yaani lango. Kinachotajwa katika mtandao ni uwazi wenye namba ambao huduma fulani huusikiliza, kama ule wa namba 22 au 443. “Mlango” unatosha, na msemaji wa delta, ambaye huita mahali mto unapoingia baharini mlango wa mto, hahitaji kufundishwa kwamba maji ya mto mmoja yanaweza kuwa na milango mingi.

3.0 Hitilafu Ina Ngazi

Katika Linux, uchunguzi wa mtandao huenda kwa ngazi, na kila ngazi ina amri yake. Amri ip link huonyesha kama kadi ya mtandao imewashwa na kama waya umeshika. Amri ip addr huonyesha kama mashine imepewa anwani, na ip route huonyesha kama inalijua lango la kutokea. Faili /etc/resolv.conf hutaja seva ya kuulizwa majina. Kisha ping hupima kama mashine nyingine inajibu. Fundi makini huanza na lango lake mwenyewe, akafuatia anwani ya mbali, na mwisho jina la tovuti. Ikiwa anwani ya tarakimu inajibu ilhali jina halipatikani, hitilafu ipo katika utafutaji wa majina, na kubadilisha waya hakutasaidia chochote.

Ngazi zote hizo, zinapofika kinywani mwa mtumiaji, hugeuka “hakuna mtandao”. Ni kana kwamba nahodha angesema “hakuna maji” kwa kila jambo linalozuia chombo chake. Lugha ya uvuvi na usafiri wa majini haifanyi hivyo. Husema maji yamepwa, chombo kimepwelewa, mkondo umehama, au mlango umejaa mchanga. Kila kauli ina dawa yake: maji yakipwa husubiriwa, lakini mkondo uliohama hausubiriwi, hutafutwa.

4.0 Kauli za Vitenzi na Ujumbe wa Makosa

Kauli ya pili iliyoenea ni “mtandao umekatika”. Hapa kuna hatua mbele, kwa kuwa pana tukio. Lakini kauli ya kutendeka humwacha mtenda nje kabisa: kilichokatika hakimhitaji mkataji. Linux, kwa upande wake, hutofautisha makosa kwa namba. Kosa namba 101 husema mtandao haufikiki, na mara nyingi maana yake ni kwamba jedwali la njia la mashine yenyewe halina pa kupitia. Kosa namba 113 husema mashine inayotafutwa haina njia ya kufikiwa. Kosa namba 110 husema muda umekwisha bila jibu. Kosa namba 111 husema muunganisho umekataliwa.

Tofauti kati ya 110 na 111 ndiyo inayoonyesha vizuri uwezo wa unyambulishaji wa Kiswahili. “Umekataliwa” ni kauli ya kutendwa, na kauli ya kutendwa hudai mtenda hata asipotajwa. Hivyo ndivyo ilivyo kiufundi pia: aliyekataa ni mashine ya upande wa pili, au kinga iliyo mbele yake. Ujumbe ulifika na jibu likarudi, kwa hiyo waya, anwani na njia ni vizima. Kinachobaki kuchunguzwa ni huduma na mlango wake. “Haukujibiwa” ni habari nyingine: hodi imepigwa, na karibu haikusikika. Hata hapo hukumu isiharakishwe, kwani zipo kinga zinazotupa ujumbe bila kujibu, kama mwenye nyumba aliyemo ndani na akaamua kunyamaza.

Kwa hiyo, “umekatika”, “umekatwa”, “umekataliwa” na “haukujibiwa” si visawe. Mtumiaji anayezitumia vyema amekwisha kufanya nusu ya kazi ya fundi.

5.0 Chagizo cha Mahali

Upungufu mwingine ni wa chagizo cha mahali. Mwanzoni mwa Mei 2024, mvua za kimbunga Hidaya zilikata barabara ya kusini katika eneo la Somanga, wilayani Kilwa. Kauli “barabara imekatika Somanga” inatumia kauli ileile ya kutendeka, lakini humpa msafiri habari anayoihitaji: kutoka Kibiti hadi kabla ya Somanga panapitika. Hakuna aliyekuwa na sababu ya kusema “hakuna barabara”.

Siku chache baadaye, tarehe 12 Mei 2024, nyaya za baharini za EASSy na Seacom ziliharibika upande wa kusini mwa Afrika, na huduma za intaneti zikazorota Tanzania na katika nchi jirani. Katika hitilafu ya namna hiyo, mashine iliyoko Kibiti inaweza kuwa na anwani yake, lango lake likajibu, na hata seva iliyoko Dar es Salaam ikajibu. Kilichopungua ni njia ya kutoka nje ya nchi. “Hakuna mtandao” hapo si kauli fupi tu. Si ya kweli.

Amri ya traceroute ipo kwa ajili ya kuijaza nafasi hiyo ya chagizo. Hutuma pakiti yenye ukomo wa hatua 1, kisha 2, kisha 3, na kila kituo ambamo ukomo unaishia hurudisha taarifa. Vipo vituo visivyojibu, navyo huonyeshwa kwa alama za nyota, lakini orodha inayopatikana humwezesha msomaji kukadiria safari imekomea wapi. Mtu aliyezoea kusema “imekatika Somanga” hakosi sarufi ya kusoma orodha hiyo. Anachokosa ni kuzoezwa kuitumia sarufi hiyo kwa mtandao.

6.0 Pingamizi

Inaweza kudaiwa kwamba mafundi husoma kwa Kiingereza, hivyo lugha ya hitilafu ibaki huko. Pingamizi hili lina uzito kwa amri na namba za makosa, ambazo hazina haja ya kutafsiriwa. Lakini taarifa ya hitilafu haianzi kwa fundi. Huanza kwa muuguzi, karani au mwalimu, kwa Kiswahili, na mara nyingi kwa simu. Taarifa ikianza bila mtenda wala mahali, Kiingereza cha fundi hakiwezi kuurudisha undani uliopotea.

7.0 Hitimisho

Kazi iliyobaki kwa wanaistilahi wa Kiswahili ni ya sintaksia na matumizi zaidi kuliko ya msamiati. Kamusi na miongozo ya TEHAMA iorodheshe, pamoja na nomino, sentensi za hitilafu: kadi imezimwa, anwani haijapatikana, lango halijibu, jina halikutambuliwa, muunganisho umekataliwa. Kila moja iambatane na kitu cha kutazamwa kwanza. Mhudumu wa zahanati ndani ya delta akiweza kusema “lango linajibu, jina halitambuliwi”, fundi aliyeko Kibiti ataweza kumwelekeza kwa simu, bila kusubiri maji yajae.